Golaud wa Debussy: muuaji huyu mbona ananiliza?

besi_Kiboriloni
Wapenzi wa muziki, naomba maoni. Naimba besi kwenye kwaya ya usharika hapa Moshi, na siku hizi nasikiliza sana Pelléas et Mélisande, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Mfaransa Debussy, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1902. Golaud anamburura mkewe mjamzito, Mélisande, kwa nywele, kisha anamuua Pelléas kwa upanga, mdogo wake wa tumbo moja, baba mbalimbali. Nilitaraji kumchukia. Mbona namlilia?

Mama_Kaloleni (Arusha)
Mimi simlilii. Anampandisha mwanawe Yniold mabegani achungulie dirishani, amwambie mama wa kambo na baba mdogo wanafanya nini. Mtoto anaogopa, baba anazidi kumhoji: wako karibu na kitanda? Na wale wawili wamesimama tu, wanatazama taa!

mwl_kwaya_Majengo
Shikamoo mama. Onyesho hilohilo ndilo linalonishika mimi. Jibu amelipata, hakuna kitu, lakini wivu haupokei jibu la namna hiyo. Besi, sikiliza jinsi Debussy alivyomnyima wimbo mkubwa wa kumwaga hasira. Wote humo wanaimba karibu na kusema, kwa hiyo Golaud hana pa kutulia, anauliza tu. Kinachomsemea ni okestra. Ile miziki ya kati ya maonyesho Debussy alilazimika kuirefusha ili mafundi wapate muda wa kubadilisha jukwaa, na mimi naona humo ndimo wivu wake unapochemka bila neno hata moja.

Halafu tendo la 5. Mélisande yuko kitandani, anakata roho. Golaud anaomba msamaha, anasamehewa, na papo hapo anauliza: ulimpenda Pelléas? Ndiyo, nilimpenda. Mlitenda kosa? Hapana. Haamini! Anamsihi aseme kweli, na kweli ameshaambiwa. Mke anakufa, yeye bado anasubiri jibu jingine. Msikilize José van Dam akimwimba Golaud katika rekodi iliyoongozwa na Karajan: baritoni (sauti ya kiume ya kati) nzito, ila hapo hapigi kelele hata kidogo, anaomba kama mgonjwa.

Mama_Kaloleni (Arusha)
Marahaba mwalimu. Hapo kitandani nakubaliana nawe, na van Dam nitamtafuta. Ila machozi yangu nampa Yniold. Yeye hakuomba kupandishwa.