Saa janja au mizani ya bluetooth, nichukue ipi?

Roho_Juu: Wakuu, nataka kupunguza uzito. Kesho kutwa nipo Kariakoo, hela inatosha kimoja: saa janja au ile mizani inayotuma kilo kwenye simu. Kipi kina msaada?

BibiTakwimu: Hela shilingi ngapi? Simu gani? Kazi yako ya kukaa au kutembea? Una presha? Umetupa kichwa cha habari tu.

KasiKasi: Saa. Tangu nivae yangu nashuka daladala kituo kimoja kabla. Hatua 10,000 kwa siku, hakuna mjadala.

Mchambuzi_Tz: Mjadala upo. Hizo 10,000 zilianzia kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua Japani, miaka ya 1960. Mapigo ya moyo saa hupatia kiasi, kalori ni makisio. Usile chipsi mayai kwa kuiamini. Hatua hata simu inahesabu, bure.

MamaWawili: Mizani niulizeni mimi. Yangu inamtambua mtu kwa uzito wa mara ya mwisho. Wifi akaja likizo, tunapishana kilo moja tu, akipanda vipimo vinaingia kwangu. Mimi nimeacha wali usiku, simu inaniambia naongezeka! Mume wangu akaanza kukagua masufuria. Na ile asilimia ya mafuta inapimwa kwa umeme mdogo unaopita kwenye nyayo. Ukinywa maji au ukitoka jasho, jibu linabadilika. Mwenye kifaa cha umeme moyoni asiipande kabisa. Siku hizi napanda ya mshale, naandika kwenye daftari.

Roho_Juu: Bajeti 150,000, Android. Halafu mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma.

BibiTakwimu: Ndiyo unasema sasa? Mizani utaipanda wapi, mzani wa Mikumi?

KasiKasi: Si nilisema saa!

Mchambuzi_Tz: Ihesabu mtikisiko wa usukani? Shida ni sahani. Andika unachokula. Programu nyingi za nje hazijui makande, lakini kuna jedwali la vyakula vya Tanzania la 2008, la Muhimbili, taasisi ya lishe na Harvard. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120.

MamaWawili: Nani atampimia mama ntilie mafuta?

KasiKasi: Chapati za Makambako unazikamua kwanza 😂 Kaka, omba dona na mchicha.

Roho_Juu: Dona njia ile? Kote sembe.

BibiTakwimu: Ipo Mafinga, ila uwahi kabla ya saa saba. Na hujajibu la presha.