Naombeni ushauri: mchumba amenuna kisa mkataba wa nyumba

Msongola1: Wakuu, nina miaka 34, ndoa ni Desemba, kadi za michango zimeshatembea. Nina nyumba Chanika, vyumba vitatu, nimeijenga kwa jasho langu kabla ya ndoa. Nataka mchumba asaini kwamba ni yangu, hata tukiachana. Tangu nimgusie hilo jambo, salamu zenyewe anajibu kwa "mm". Nimekosea wapi?

KataaNdoa: Soma jina langu.

Mama Vitumbua: Mwanangu, mie na mzee tulianza na godoro la futi nne na jiko la mchina, leo mwaka wa 27. Ingawa hati ya kiwanja cha Mkuranga sijawahi kuiona. Hebu nikamuulize.

Wakili Msomi: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58: ndoa haibadilishi umiliki wa mali, labda mkubaliane vingine. Kwa hiyo kuandikiana si dhambi. Lakini kifungu cha 114 kinaingiza kwenye mgao hata mali ya kabla ya ndoa, ikiwa mwenzako kaiboresha kwa kiasi kikubwa mkiwa ndani ya ndoa. Hela ya ujenzi yote ni yako?

Msongola1: Kwa asilimia kubwa.

Wakili Msomi: Iliyobaki?

Msongola1: Bati alinunua yeye. Alikopa kazini, bado anakatwa. Ila alisema mwenyewe ni zawadi, sikumlazimisha! Na karatasi nimeshaandikiwa, nimelipa, bado saini tu.

Mangi wa Duka: Kumbe umekuja kutafuta "amina". Mtoto wa watu anakatwa mshahara, wewe unampelekea kalamu?

Wakili Msomi: Kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983: Mahakama ya Rufani ilikubali hata kazi za nyumbani ni mchango. Sembuse bati.

Jicho la Tai: Chai hii. ID hii hii mwezi wa tatu iliomba mishono ya send-off, ikauliza nywele gani zinapendeza uso wa duara.

Msongola1: Simu tunatumia wote.

KataaNdoa: Simu mnatumia wote, bati kapiga yeye, nyumba yako peke yako. Safi.

Mama Vitumbua: Nimemuuliza mzee. Na yeye kajibu "mm".

Wakili Msomi: Dada, kama ni wewe unayeandika, risiti za bati usitupe.