Mission: Impossible ya runinga au ya Tom Cruise?

Mtazamaji wa Zamani: Wakuu, nasema wazi: ile ya runinga, kipindi cha Kimarekani cha kikosi cha majasusi, 1966 hadi 1973, inaziacha mbali filamu zote. Kiongozi anasikiliza kanda, kanda inafuka moshi na kujiteketeza, kisha saa nzima unatazama jitu baya likidanganywa mpaka linajimaliza lenyewe. Risasi chache, akili nyingi. Nani anabisha?

Kibisho: Mimi hapa. Inakwenda pole pole mno. Halafu yule mweusi, Barney, kazi yake kutambaa kwenye njia za hewa tu, wenzake wako sebuleni na suti wanakunywa mvinyo.

Binti Mhandisi: Hapo umenikera kweli. Barney Collier ndiye mhandisi wa kikosi! Simu nani aliingilia? Sefu nani alifungua? Mitambo yote ile nani aliiunda? Mmarekani mweusi, 1966, sheria ya kulinda haki yao ya kupiga kura ina mwaka mmoja tu. Amelala chali kwenye upenyo, jasho linamchuruzika, bisibisi mkononi, jicho kwenye saa, juu yake buti za walinzi zinapita. Hakuna anayesema neno. Mimi nimesomea umeme kwa sababu ya mtu huyo.

Kibisho: Dada, kutoka jasho ndiyo heshima? Mipango alipanga Phelps, kiongozi wa kikosi.

Binti Mhandisi: Mpango usio na fundi ni maneno matupu. Usinifundishe heshima.

Mzee wa Kigoma: Wanangu, mbona jambo kubwa mnalipita? Kila wiki watu hawa wanaingia nchi ya wenyewe, wanavuruga serikali, nasi tunapiga makofi. Lumumba wa Kongo aliuawa 1961. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani, ya Frank Church, ikaeleza jinsi CIA, shirika lao la ujasusi, ilivyopanga kumuua Lumumba kwa sumu. Utamu wa kipindi naujua, lakini nchi zile zilikuwa mfano wa zetu.

Mtazamaji wa Zamani: Shikamoo mzee. Ila Kibisho, umemtaja Phelps, nikujibu: filamu ya kwanza ya Cruise, katikati ya miaka ya 90, ndiyo iliyomgeuza Phelps msaliti. Miaka yote ile ya uaminifu, wakaitupa jalalani!

Kibisho: Ilikuwa 1996. Na bila usaliti ule hakuna hadithi.

Binti Mhandisi: Kwa hiyo unakubali waliharibu? Peter Graves, Phelps mwenyewe wa runinga, alikataa kuicheza. Greg Morris, Barney wetu, alitoka ukumbini filamu haijaisha. Tena kipindi kiliporudishwa 1988, mtoto wa Barney alichezwa na mwana halisi wa Greg, Phil Morris. Urithi wa ufundi huo, baba hadi mwana. Nionyeshe mtoto wa Phelps.

Kibisho: Sasa watoto wameingiaje hapa? Mimi nilisema inakwenda pole pole.

Binti Mhandisi: Ulisema njia za hewa. Rudi juu ukasome.