Mjadala: Sam Burgess alikosea kuhamia raga ya watu 15?

Mwanaskramu: Wakuu, Burgess ni Mwingereza aliyekuwa akicheza raga ya watu 13 kule Australia. Fainali ya ligi ya huko 2014 jamaa kavunjika mfupa wa shavu kwenye mgongano wa kwanza kabisa, na bado akacheza hadi mwisho. South Sydney wakawapiga Bulldogs 30-6, ubingwa waliokuwa hawajauona tangu 1971, na medali ya mchezaji bora akapewa yeye. Mwaka uliofuata Waingereza wenzake wanamsema vibaya. Hakupaswa kwenda Bath, klabu ya watu 15 Uingereza. Semeni.

Mzee wa Senta: Hakuonewa. England walitolewa kwenye makundi ya Kombe la Dunia nyumbani kwao, na yeye kavalishwa jezi ya senta, mchezaji wa safu ya nyuma, wakati klabuni anacheza flanka, mtu wa mbele. Raga ya watu 13 ni nusu mchezo, kukimbia na kugongana. Hata skramu yao, pale watu wa mbele wanaposhikana kugombea mpira, haisukumani. Ukitoka huko lazima upotee.

Binti Raga: Nusu mchezo? Iondoe hiyo kauli, kaka. Hao ni watu wa migodini na viwandani, Yorkshire na Lancashire. Walijitenga na chama cha raga 1895 pale Huddersfield kwa sababu wakienda kucheza wanakosa ujira wa siku, na wakubwa wakakataa wafidiwe. Halafu nyie wa watu 15 mkawafungia karibu miaka 100: ukila hela ya watu 13, kwenye watu 15 hurudi. Ilipofika 1995 mkaanza kulipana wenyewe!

Mzee wa Senta: Mkawafungia nani? Mimi sijamfungia mtu, usinibebeshe.

Kipenga: Jason Robinson naye katoka Wigan, watu 13 hao hao, akafunga trai (kutua mpira nyuma ya mstari wa goli) fainali ya Kombe la Dunia 2003. Alipotea?

Mzee wa Senta: Robinson alipata misimu kadhaa ya kujifunza. Burgess alipata mmoja.

Mwanaskramu: Basi kosa ni la Lancaster, kocha wa England wakati huo, na wewe ulisema hakuonewa! Siku ya mechi na Wales kwenye hilo Kombe anatolewa uwanjani England wako mbele. Wamefungwa 28-25 yeye akiwa nje. Ile penalti ya mwishoni, nahodha Robshaw ndiye aliyekataa mpira upigwe kati ya nguzo kusaka sare, akataka upigwe nje karibu na kona. Mbona yeye humtaji?

Mzee wa Senta: Robshaw alibaki akakabiliana na lawama. Huyu mkataba wa miaka mitatu, kacheza mmoja, karudi Sydney.

Mwanaskramu: Angebaki kufanya nini mahali asipotakiwa?

Binti Raga: Mzee, kauli yako bado ipo pale juu.

Mzee wa Senta: Na itabaki. Nionyesheni skramu moja ya watu 13 iliyosukumwa kweli.

Binti Raga: Wanakabwa mara sita tu, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana haulali. Skramu zenu zinaanguka, zinapangwa upya, zinaanguka tena, dakika zinakwisha tunatazama migongo ya watu. Huo ndio mchezo mzima?