Maji ya bomba ya London kwa anayeanza kutengeneza bia nyumbani

Mgema wa Croydon:
Salaam, ndugu zangu. Bia nyeusi niliyoitengeneza kwa shira ya kimea ya kopo ilitoka vizuri sana. Ile ya rangi ya dhahabu, ambayo kimea chake (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) nilikiloweka mwenyewe, ina ukakasi unaobaki ulimini, na ukiinusa utadhani umefungua boksi la plasta za vidonda. Vyombo nilivisafisha na hamira ilikuwa mpya, kwa hiyo nimebaki kuyashuku maji, hasa kwa kuwa birika langu hapa Croydon, kusini mwa London, halikosi ukoko mweupe. Je, ninunue maji ya chupa?

Bi Pishi:
Ndugu yangu, hapo una matatizo mawili, na tusiyachanganye. Harufu ya plasta hutokana na dawa ya kuulia vijidudu iliyo katika maji ya bomba, ambayo ikikutana na fenoli (kemikali za asili) za kimea na hamira huzaa klorofenoli, na hizo pua huzitambua hata zikiwa chache mno. Klorini ya kawaida huondoka kwa kuchemsha maji au kuyaacha wazi usiku kucha, ila kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hung'ang'ania. Dawa ya zote mbili ni kidonge cha Campden, yaani kidonge cha salfaiti watumiacho watengeneza bia na mvinyo: saga nusu yake, koroga katika lita 25 za maji kabla ya kuyapasha moto, kisha subiri dakika chache. Wengi hutibu maji ya kulowekea, halafu bia ikipungua huongeza maji mabichi ya bomba ndani ya pipa la kuchachushia, na harufu inarudi ileile.

Mzee Chujio:
Nami niseme juu ya ukakasi. Maji mengi ya London yamepitia miamba ya chaki, na yamebeba bikaboneti nyingi, madini yanayopunguza nguvu ya asidi. Kimea kikilowekwa katika joto la nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) inapaswa kushuka hadi kati ya 5.2 na 5.6, lakini bikaboneti huizuia, na kimea cheupe hakina asidi ya kutosha kuishinda; matokeo yake, hasa wakati wa kusuuza machicha, tanini za maganda, zile zinazoleta ukakasi, hutoka na kuingia katika bia. Kimea kilichokaangwa hadi kuwa cha kahawia au cheusi kina asidi zaidi, ndiyo maana maji ya aina hii yaliifaa vyema porter, bia ya rangi nzito ya London ya karne ya 18, ilhali bia ya dhahabu ya mwaka 1842 ilizaliwa Plzeň, mji wa Ucheki, kwenye maji laini kabisa, yaani yenye madini machache. Shira yako haikukusumbua kwa sababu kimea chake kilishalowekwa kiwandani; hiyo hata kwa maji yasiyo na madini yoyote ingetoka salama.

Ili kuipunguza bikaboneti, chemsha maji siku moja kabla, kwa robo saa hivi, yaache yapoe, kisha mimina ya juu polepole ukiacha vumbi jeupe lililotuama chini. Kwa kuwa kalsiamu nayo hutuama, ongeza jasi kidogo, ambayo ni chumvi ya kalsiamu. Wasioweza kungoja hutumia asidi ya laktiki, lakini bila kipimo cha pH usiithubutu.

Bi Pishi:
Naafikiana na Mzee, isipokuwa jasi ningeiacha kwanza, maana anayeanza akibadilisha mambo mawili kwa mkupuo hatajua lipi lililomsaidia.

Jirani wa Glasgow:
Kuhusu maji ya chupa, soma kibandiko kabla ya kulipa, kwani baadhi hutoka kwenye chemchemi za chaki na ni magumu kama ya bombani kwako. Tafuta yenye bikaboneti kidogo. Wala usichote kwenye mtambo wa nyumbani wa kulainisha maji, kwa kuwa huo hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu na kuiacha bikaboneti palepale. Huku kwetu Uskoti maji ya ziwa la Loch Katrine ni laini mno, na kazi yangu ni kuongeza kalsiamu tu. Ningekuwa Croydon, ningeendelea na bia nyeusi kwa maji ya bomba yaliyotiwa Campden, na chupa ningenunua kwa ajili ya ile ya dhahabu peke yake.