Darasa ndani ya ukumbi wa ibada: Ijumaa kila kitu kinatoka. Nipange vipi?

mwalimu_nyalenda (Kisumu)

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha shule ndogo ya kanisa hapa Nyalenda. Zamani tulikuwa na PP1 na PP2 tu, yaani madarasa ya awali, kwenye chumba cha nyuma. Muhula huu tumeongeza Gredi ya 1 na ya 2, watoto 22 zote mbili pamoja, na baraza la kanisa limetupa ukumbi wenyewe wa ibada. Nashukuru. Lakini sisi ni Wasabato, kwa hiyo Ijumaa jua likikaribia kuzama shemasi anataka ukumbi wake, umefagiliwa na fomu, yaani mabenchi, zimenyooka. Jumatano jioni kuna maombi, hapo nasukuma vitu pembeni tu. Jumapili nina nafasi ya kupanga upya.

Tafadhali msiniletee picha za madarasa ya Nairobi yaliyochorwa twiga na herufi ukuta mzima. Hapa ukutani hapagongwi msumari wala hapabandikwi selotepu. Rangi ile ilinunuliwa kwa mchango wa akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma hapa kanisani, na hao nawaogopa kuliko ofisa yeyote wa elimu.

Shida kubwa ni fomu. Zimetengenezewa watu wazima. Mtoto wa miaka sita akikaa, miguu inaning'inia, daftari analiweka kwenye mapaja, na kabla kipindi cha nusu saa hakijaisha ameshalala ubavu. Kwa sasa nimetandika mikeka: mtoto anakaa chini, fomu inakuwa meza yake. Mwandiko umeanza kukaa kwenye mstari, lakini sakafu ni saruji na asubuhi ni baridi, na wazazi wawili wamekuja kuniuliza kama karo yao haiwezi kununua kiti.

Pesa ya kuanzia ipo kidogo, haifikii hata madawati kumi. Ingekuwa wewe ungenunua nini kwanza? Na gredi mbili kwenye ukumbi mmoja mnazitenganisha na nini?

mama_khayega

Pole mwalimu, na hongera kwa kupewa ukumbi. Wengine tulianzia chini ya mwembe.

Kwa chati, achana na karatasi za manila. Manila ukiikunja na kuikunjua kila wiki, wiki ya tatu imekuwa takataka. Tafuta magunia meupe ya nailoni, yale ya sukari au mchele, pale sokoni Kibuye wanauza yaliyokwisha kutumika. Lipasue ubavuni na chini lifunguke lote, ulifue kwa sabuni mpaka vumbi liishe, ulianike. Ukingo wa juu na wa chini ukunje upana wa vidole viwili, ushone, halafu pitisha ufito juu na mwingine chini. Ule wa chini ndio unaolivuta gunia linyooke, usiuache. Andika kwa kalamu nene ya maka isiyofutika. Kabla ya maka chora mistari kwa penseli na rula, maana herufi zikipanda na kushuka watoto wataiga hivyo hivyo.

Mimi nina gunia la silabi, la namba mpaka 100, la hali ya hewa lenye vifuko vya kuchomeka kadi, na la duka. Ijumaa nayaviringisha yote kama mikeka na kuyasimamisha nyuma ya kabati. Ukutani usiguse. Funga kamba ya kuanikia kutoka nguzo hadi nguzo, yaning'inie hapo.

Na kona ya duka usiisahau kwa sababu huna dawati. Pakiti tupu za majani chai, makopo, mizani ya ubao, pesa za karatasi. Hisabati ya Gredi ya 1 karibu yote inapita hapo, na kila kitu kinaingia kwenye kreti moja ya mkate.

fundi_wa_viti

Mwalimu, mimi si mwalimu, ni seremala, ila nimetengenezea shule kadhaa upande wa Kondele na Mamboleo. Usinunue dawati la viti viwili lililoungana. Ni zito, watoto hawawezi kulibeba, na Ijumaa ni wewe na msaidizi wako mtakaobeba.

Unachohitaji ni vigoda vinavyopandana kimoja juu ya kingine, na fomu za kanisa ziendelee kuwa meza. Pima mtoto amesimama bila viatu, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Kwa umri huo utapata kama sentimita 30 hadi 35, ndio urefu wa kigoda. Halafu pima fomu. Kama iko 45, mtoto wa kigoda cha 30 ataandikia chini mno, mgongo utapinda. Dawa yake ni mbao nyepesi ya kuweka juu ya fomu yenye miguu ya sentimita 8 au 10 hivi, imechongwa mfereji ishike ukingo isiteleze. Mbao moja inabeba watoto wanne. Saiprasi inatosha, ikaushwe vizuri, na kona zote zipigwe msasa ziwe mviringo.

Kutenganisha gredi: ubao wa kusimama wa vipande viwili vyenye bawaba katikati, kama pazia la studio ya picha. Paka rangi nyeusi ya ubao pande zote mbili. Gredi ya 1 wanaandikiwa upande huu, Gredi ya 2 upande ule. Ukikunjwa unakaa nyuma ya mlango. Weka miguu mipana, maana upepo wa ziwa ukiingia mchana unaangusha.

mwalimu_nyalenda

Fundi, hilo la mbao juu ya fomu sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimepima sasa hivi: fomu zetu ni 44. Na vigoda wazazi wataviona ni viti, kesi imekwisha.

Mama Khayega, magunia nayachukua. Ila nisaidie jambo. Mwenyekiti wa shule anataka mistari ya Biblia itundikwe kila mahali ili mgeni akiingia ajue hii ni shule ya Kikristo. Ameniletea orodha, Mithali 22:6 ("Mlee mtoto katika njia impasayo") ikiwa ya kwanza. Mimi naona huo mstari ni wa wazazi, mtoto wa Gredi ya 1 unamsaidia nini? Nataka mstari mmoja tu kwa wiki, mfupi, wenye maneno ambayo wanaweza kuyasoma wenyewe kwa silabi walizokwisha kujifunza. Wausome Jumatatu kwa kukwamakwama, na Ijumaa kwenye kipindi cha PPI, kile cha malezi ya kiroho, wausome bila kuutazama. Mgeni akija atausikia.

mama_khayega

Mpe mwenyekiti gunia moja la mlangoni aandike anachotaka. Ndani ni kwako. Na mistari toa kwenye Biblia ya Habari Njema, ile ya Kiswahili chepesi. Tafsiri ya zamani ya Union ni tamu masikioni mwetu sisi wazee, kwa mtoto anayeanza kusoma ni mlima.

mstaafu_vihiga

Nimewasoma wote. Mazuri. Lakini hakuna aliyeuliza habari za mlango na madirisha, na ofisa wa ubora wa elimu na yule wa afya ya umma wakija watakapoanzia ni hapo, hawataanzia kwenye magunia.

Kitabu cha wizara cha usalama shuleni cha 2008 kinataka milango ya darasa ifunguke kwa nje na isifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na grili. Makanisa mengi yana mlango mmoja unaofunguka kwa ndani na grili kila dirisha, kwa sababu ya vyombo vya muziki. Sisi wa magharibi hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Februari 2020 watoto walikanyagana kwenye ngazi Kakamega wakitoka madarasani, tukazika.

Kitabu hicho hicho kinataja chumba cha mita 7.5 kwa 6 kwa watoto wasiozidi 40 kwenye madawati ya wawili wawili. Nyinyi 22 ukumbini hamna shida ya nafasi. Shida yenu ni kutoka. Na walimu wote wawe na namba ya TSC, ile tume ya walimu, hata kama shule ni ya kanisa. Msaidizi wako anayo?

mwalimu_nyalenda

Shikamoo mzee. Msaidizi anayo. Mlango mkubwa unafunguka kwa nje, Mungu ni mwema. Grili zipo madirisha yote sita, na nikizitaja wazee wa kanisa wananiuliza kama mimi ndiye nitakayenunua kinanda kingine na spika.

mstaafu_vihiga

Marahaba. Usiwaombe watoe grili. Waombe wazihamishe. Spika, kinanda na mikrofoni viingie kwenye chumba cha nyuma mlichohama, mlango wa chuma na grili zote ziwe huko. Mwizi hafuati fomu. Mkileta jambo hili barazani, lije na makadirio ya fundi wa kuchomelea, lisije mikono mitupu.

mwalimu_nyalenda

Chumba cha nyuma bado kina PP1 na PP2, mzee. Lakini kuna stoo ya vyombo vya meza ya Bwana, na ni kubwa kuliko inavyohitajika. Nitaanzia hapo.

kiongozi_watoto_kendubay

Mimi nasimamia idara ya watoto kanisani kwetu. Dada, unavunja darasa lote Ijumaa kwa nini? Sabato asubuhi watoto wale wale wanarudi kwa Shule ya Sabato, na mwalimu wao hana hata kigoda. Nenda kwa kiongozi wenu wa watoto kabla hujaenda kwa baraza. Mkubaliane kona moja ya mbele au ya pembeni ibaki imesimama: mkeka, vigoda, gunia moja la picha, ubao wa fundi umekunjuliwa. Yeye aliombe baraza kwa jina la idara yake. Hapo si vitu vya shule tena vinavyoziba ukumbi, ni vitu vya kanisa. Shemasi hatavigusa.

Kwetu ilianza na mkeka tu. Sasa akina mama wa Dorkasi ndio wanaoshona hizo chati.

mwalimu_nyalenda

Dorkasi! Sikujua wanaweza kuwa upande wangu. Kiongozi wetu wa watoto nasali naye Jumatano, nitamshika baada ya maombi.

Fundi, vigoda 24 na mbao sita za kuweka juu ya fomu, pamoja na ubao wa bawaba. Niandikie makadirio kwenye karatasi yenye muhuri, mhazini wetu hapokei bei ya mdomo. Na uniambie ukitaka nusu kwanza, kwa sababu karo ya muhula huu wengine watalipa baada ya kuuza omena.

fundi_wa_viti

Thuluthi moja kwanza inatosha. Nipe urefu wa mtoto mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, nitafanya saizi mbili.