Semina ya kutengeneza video za masomo: siku mbili nzima hakuna mwalimu aliyegusa kompyuta!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo acha niseme.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, sekondari. Tuliitwa semina ya siku mbili tujifunze kutengeneza slaidi na video ambazo mwanafunzi anabonyeza, anajibu swali, ndipo anaendelea mbele. Nilikwenda kwa moyo mmoja. Somo langu nilishalichagua: mzunguko wa damu, kidato cha pili. Miaka yote nachora moyo ubaoni kwa chaki, vali nazichora zimefunga, halafu nahangaika kuonyesha kwa viganja zinavyofunguka. Nikasema safari hii watoto wataziona kwa macho yao.

Walimu zaidi ya 40, laptopu moja, nayo ya mwezeshaji. Siku ya kwanza katusomea slaidi mpaka jioni. Ya pili hivyo hivyo, tukasaini fomu, tukapiga picha ya pamoja, tukaambiwa ndani ya siku 14 kila mtu atume video moja.

Nikaazima laptopu ya mdogo wangu, nikakesha usiku nne. Kwenye PowerPoint nikaweka vitufe: ukibonyeza ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, unapelekwa kwenye slaidi yake, ukikosa swali unarudishwa ulikotoka. Ilikubali vizuri kabisa! Kisha nikafuata maelekezo, nikaigeuza kuwa faili la video, MP4. Vitufe vyote vikafa. Slaidi zinajiendesha zenyewe, jibu linatokea mtoto hata swali hajalimaliza kusoma. Kumbe MP4 haibebi viungo vya kubonyeza! Ukitaka vitufe vifanye kazi unatuma faili lenyewe la PowerPoint, au unatumia kitu kama H5P, kinachosimamisha video katikati na kuuliza swali. Mtu kapewa siku mbili atufundishe video shirikishi, na hilo hakuligusa hata kwa sentensi moja. Wala hakusema kwamba PowerPoint inakuuliza ukubwa wa video kabla ya kuihifadhi, na kwamba 480p inatosha kwa kioo cha kishikwambi. Mimi nikaacha 1080p, faili likawa zito, bando la wiki likakata bado napakia. Bando nililonunua kwa hela yangu.

Nikampigia mwezeshaji nimweleze. Akanijibu: "Mwalimu, wewe tuma tu, sisi tunahesabu zilizofika."

Zilizofika! Kwa hiyo ile picha ya moyo isiyobonyezeka imeingia kwenye hesabu, na mimi nimeandikwa nimefuzu. Hakuna aliyeuliza watoto wataitazamia wapi. Sisi walimu tuna vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, wanafunzi hawana kitu. Projekta ya shule ni moja na inakaa imefungiwa ofisini kwa mkuu.

Mnaoandaa semina hizi, leteni kompyuta hata 10, tukae wanne wanne, kila mmoja atoke na somo lake lililojaribiwa darasani. Posho punguzeni, mimi sitalalamika.

Na mwenye kujua namna ya kuweka maswali ndani ya video ifanye kazi bila intaneti, tafadhali anielekeze hatua kwa hatua. Kipindi changu cha moyo ni Jumatano.